Ukipotea ugenini, usitembee kama uko River Road

Kama umekulia Riruta, kuna mwendo ambao hukufunzwa na mtu lakini unaujua. Unashuka matatu ya 46 pale tao, hujui ofisi unayoitafuta iko jengo gani, ila huthubutu kusimama. Unakaza uso, unashikilia mfuko wenye simu, unatembea kama mtu anayeenda kudai deni. Ukifika kona usiyoijua unapinda tu, mradi miguu isikome, kwa sababu kila mtoto wa Nairobi anajua kuwa anayesimama River Road akitazama juu kusoma majina ya majumba ni mshamba, na mshamba hapa mjini huliwa.

Mwendo huo umetuokoa mara nyingi, siukatai. Shida ni kwamba sasa tunasafiri nao. Ingia ploti yoyote kati ya Satellite, Kabiria na Dagoretti Corner, hukosi msee aliyepanda basi la usiku kwenda Kampala kununua nguo, au dada aliyeko Doha kikazi, au jirani anayengoja viza ya masomo. Na tukipotea huko tunafanya kile tulichozoea: tunakaza uso na kuongeza kasi.

Huko hakufai. Hapa Nairobi ukitembea ovyo, baada ya dakika kumi utakutana na kitu unachokijua. Itakuwa Moi Avenue, au mnara wa Times Tower, au makanga anayeita “Kawangware, Kawangware!” hadi sauti imkauke. Mji wenyewe unakurudisha. Kampala haikurudishi, na Dubai vilevile. Kila hatua inakutoa mahali pa mwisho ulipokuwa na uhakika napo, na baada ya nusu saa hata hapo hupajui tena.

Tena usidhani kwamba ukinyoosha tu utatokea mahali. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Jan Souman wa taasisi ya Max Planck nchini Ujerumani walichapisha matokeo ya jaribio rahisi. Waliwaachilia watu msituni Ujerumani na jangwani Sahara, upande wa Tunisia, wakawaambia watembee moja kwa moja kwa saa kadhaa. Walioliona jua walinyoosha vizuri. Wingu lilipotanda, au mwezi ulipozama, walianza kuzunguka, wengine wakakata njia yao wenyewe bila kutambua, huku moyoni wanaapa kwamba wananyoosha.

Kwa hivyo simama. Ila usisimame katikati ya njia umeinua simu juu kama anayetafuta mtandao. Hapo hofu yetu ya River Road ina haki yake. Ingia mahali: duka la dawa, kituo cha mafuta, mkahawa, mapokezi ya hoteli hata kama hulali hapo, benki yenye askari mlangoni. Nunua maji. Kaa. Ukiwa ndani na chupa mkononi wewe ni mteja, si mtu aliyepotea, na hakuna anayekuhesabia dakika.

Kisha jiulize swali moja kabla ya kugusa ramani: mahali pa mwisho nilipokuwa na uhakika ni wapi, na nimetembea muda gani tangu hapo? Kama ni dakika 15, geuka urudi ulikotoka. Vijana wengi hawapendi jibu hili, kwa sababu kurudi nyuma kunaonekana kama kushindwa. Lakini ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, na haihitaji bando.

Mchague wewe, asikuchague yeye

Kama kurudi haiwezekani, itabidi uulize. Hapa ndipo tunapofeli. “Kuuliza si ujinga” tumeliandika kwenye insha tangu darasa la nne, kisha tukifika mjini tunazunguka jengo mara tatu kuliko kumsumbua mlinzi.

Kuna jambo moja ambalo ningependa ulikumbuke hata ukisahau mengine yote katika makala hii. Katika umati wa watu mia, walio wengi wana shughuli zao na hawana haja nawe. Ukimchagua mmoja wewe mwenyewe, uwezekano wa kumwangukia mtu mbaya ni mdogo. Lakini yule anayekujia bila kuitwa, anayesema “Bro, unatafuta nini? Twende nikuonyeshe,” huyo tayari ameshakuchagua wewe kati ya wale mia, na ana sababu yake. Si lazima awe mwizi. Mara nyingi ni wakala anayetaka kamisheni ya kukupeleka hoteli fulani au kukupandisha gari fulani. Hata hivyo usimfuate. Sema asante, ingia dukani, umuulize mwenye duka.

Nani wa kuchagua? Mtu ambaye hawezi kuondoka pale alipo. Mwenye duka, muuza magazeti, mlinzi, mama anayepika chakula kando ya barabara. Yeye ana mali yake pale, na majirani wanamjua. Ukiwa msichana, mama mwenye mtoto ni chaguo zuri kuliko kijana mtanashati anayetabasamu. Hilo tuliambiwa tukiwa watoto wadogo, na halina umri.

Namna ya kuuliza nayo ina ujanja. Usiulize “Kituo kiko huku?” ukinyoosha kidole. Watu wengi watakujibu ndiyo, hasa ugenini ambako kumkatalia mgeni ni utovu wa adabu. Uliza “Kituo kiko wapi?” halafu nyamaza, acha mkono wake uonyeshe. Uliza wawili. Wakipishana, uliza wa tatu. Na taja unakokwenda bila kutaja kwamba huna mwenyeji: “Ninaelekea Ntinda, kuna mtu ananingoja” inatosha. Habari kwamba umewasili jana na hujui mtu yeyote haimsaidii kukuelekeza.

Kila mji na lugha yake

Tuseme umeshuka Kampala alfajiri. Kwa kitambulisho chako cha Kenya unaruhusiwa kuvuka, mpango ambao Kenya, Uganda na Rwanda ziliuanza mwaka 2014, kwa hivyo huenda hata pasipoti huna. Umejaa usingizi, unauliza teksi. Utaonyeshwa matatu! Kule “taksi” ni ile Nissan ya abiria 14, na uwanja wa Old Taxi Park umejaa hizo utadhani ni bahari. Ukitaka gari la peke yako, uliza “special”. Anza kwa Kiingereza pia, hata kama Kiswahili chako ni kitamu. Kwa miaka mingi Kiswahili kilihusishwa na wanajeshi nchini Uganda, na wapo wazee ambao bado kinawachoma masikio. Mwanamume mwite “ssebo”, mwanamke “nnyabo”, utaona uso unafunguka.

Uzuri wa Kampala ni vilima. Mnara wa msikiti wa Old Kampala unaonekana kutoka mbali, kanisa kuu la Namirembe liko juu ya kilima chake na la Rubaga juu ya chake. Chagua kimoja siku ya kwanza, ujue makao yako yako upande gani wa kilima hicho. Sisi wa Riruta tunafanya hivyo na Milima ya Ngong bila kufikiri.

Kigali inakupoteza kwa njia nyingine kabisa. Wanaendesha magari upande wa kulia. Unajua hivyo kichwani, lakini miguu haijui: utavuka ukitazama upande usiofaa, halafu utasimama kungoja basi upande unaokupeleka mbali na unakokwenda. Wengi wanaosema “nilipotea Kigali” hawakupotea, walipanda basi sahihi kutoka upande usio sahihi. Lakini Kigali ina zawadi ambayo Nairobi haina: barabara zina herufi na namba. KN ni upande wa Nyarugenge, KG ni Gasabo, KK ni Kicukiro. Ukisoma kibao na kumtajia dereva wa pikipiki, amekuelewa.

Dar es Salaam je? Hapo tunajiamini kupita kiasi, kwa sababu ni Kiswahili. Kwanza, kama mjomba alikuambia ushuke Ubungo, habari zake zimepitwa na wakati. Tangu 2021 kituo kikuu cha mabasi ya masafa marefu kiko Mbezi Luis, nje kabisa ya katikati ya jiji. Pili, Kiswahili chetu na chao vinaachana mahali ambapo aliyepotea anakihitaji zaidi. Steji kwao ni kituo, makanga ni konda, na ukiambiwa “nenda mpaka kipilefti, halafu mataa” usiitikie tu. Kipilefti ni mzunguko wa barabara, mataa ni taa za kuongozea magari.

Tatu, na hili ni kubwa, salimia. Ile yetu ya “Sema boss, Kariakoo ni wapi?” kule inasikika kama amri ya polisi. Mzee anapewa shikamoo, kisha “samahani, naomba kuuliza.” Sekunde tano hizo ndizo zinazoamua kama utaonyeshwa kwa kidole au utasindikizwa hadi mlangoni. Mambo yakikuzidi, uliza ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti na wajumbe wanaijua mitaa yao nyumba kwa nyumba, jambo ambalo ramani ya simu haitaliweza.

Zanzibar nayo, pale Mji Mkongwe, kupotea ni sehemu ya tiketi. Vichochoro vinajikunja hadi simu inachanganyikiwa. Lakini mji wenyewe ni mdogo na umezungukwa na bahari pande nyingi. Shika kichochoro kimoja mpaka utokee baharini, au upande wa Darajani kwenye barabara kubwa, kisha anza upya.

Ghuba ni hadithi nyingine, na ndiko wenzetu wengi wanakokwenda kutafuta riziki. Majengo yanafanana, joto halikuruhusu kutangatanga, na vibao vingi vimeandikwa Kiarabu juu. Hata hivyo, kuna kitu kimoja cha kutafuta kwa macho. Dubai, mlangoni mwa jengo kuna kibao cha Makani chenye tarakimu kumi. Qatar, ukutani kuna kibao cha buluu chenye namba tatu: ya jengo, ya mtaa na ya eneo. Ukimsomea polisi au dereva namba hizo kwa simu, anajua uko mlango gani, hata kama huwezi kutamka jina la mtaa. Siku ya kwanza unapofika kwa mwajiri, kabla hata ya kufungua begi, piga picha ya kibao hicho na uitume nyumbani. Ukiwa mfanyakazi wa nyumbani, hii si nasaha ya utalii. Siku utakapohitaji msaada, swali la kwanza utakaloulizwa ni “Uko wapi?”, na “kwa madam” si jibu.

Simu bila bando

Watu hudhani ramani ya simu inakufa bando likiisha. Sivyo. Setilaiti za GPS ziko angani kilomita kama 20,000 juu, na simu yako inazisikiliza bure. Inapokea tu, haitumi kitu. Kinachohitaji intaneti ni ile picha ya mitaa. Kwa hivyo ukiwa bado nyumbani, au kwenye waifai ya mtu, pakua ramani ya mji unaokwenda ndani ya simu, uweke alama mahali utakapolala. Ukifika, ile doti ya buluu itakuonyesha uliko hata bila laini ya nchi hiyo.

Lakini doti inaishi kwa chaji, na chaji ya vijana tunaijua: asilimia 9 saa kumi jioni, kwa sababu ya video. Ugenini, ikifika asilimia 30 funga kila kitu. Na kuna nchi ambako hutaweza hata kusoma unachokitafuta. Addis Ababa ni Kiamhari, Bangkok ni Kithai. Chukua kadi ya hoteli mapokezi, ile yenye maandishi ya wenyeji, uitie mfukoni. Dereva hahitaji kuelewa Kiingereza chako, anahitaji kusoma kadi.

Namba za dharura nazo ziandike kabla ya safari. Uganda ni 999 au 112, Tanzania na Rwanda ni 112. Falme za Kiarabu na Qatar ni 999, Ulaya karibu yote ni 112, Marekani ni 911. Thailand wana polisi wa watalii, 1155.

Na kama hukupotea, bali unapotezwa?

Nimeitaja Thailand kwa sababu. Tangu 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikionya kuhusu kazi hewa za huko. Waliodanganywa hawakupotea njia. Walipokewa vizuri uwanja wa ndege, wakatiwa garini, wakavushwa mpaka hadi Myanmar, wakafungiwa kwenye majengo ya utapeli wa mtandaoni. Mwaka 2025, maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali walipotolewa katika majengo hayo karibu na mji wa Myawaddy, Wakenya walikuwemo.

Ukiwa ndani ya gari la mtu, ramani uliyoipakua ina kazi nyingine. Uliambiwa kazi iko Bangkok, na doti inazidi kwenda kaskazini magharibi saa baada ya saa? Hilo ndilo jibu lako. Tuma mahali ulipo nyumbani ungali na mtandao. WhatsApp inakuruhusu kushiriki mwendo wako moja kwa moja hadi saa 8. Gari likisimama kituo cha mafuta, mahali penye watu na taa, hapo ndipo pa kushuka na kupiga kelele, si mwisho wa safari. Nguo zilizo kwenye buti ziache.

Pasipoti ikipotea au ikichukuliwa, anza na polisi upate ripoti ya maandishi, kisha ubalozi. Ubalozi unaweza kukupa hati ya dharura ya kukurudisha Kenya, na kuwasiliana na watu wa kwenu. Hautakulipia hoteli wala faini, usiende ukitarajia hivyo. Ukikamatwa, mkataba wa Vienna wa 1963 unakupa haki ya kuomba ubalozi wako uarifiwe bila kuchelewa. Itaje kwa sauti, uirudie, hata kama askari anajifanya hasikii. Kenya haina ubalozi kila nchi, kwa hivyo angalia mapema ni upi unaosimamia nchi unayokwenda. Hapa Nairobi kuna Idara ya Masuala ya Diaspora, iliyoanzishwa 2022, ambako familia inaweza kupeleka malalamiko. Msalaba Mwekundu wa Kenya nao husaidia kutafuta jamaa waliopotezana.

Lakini yote hayo yanaanza na mtu wa nyumbani anayejua ulipaswa kuwa wapi. Kabla ya kwenda kupanda basi, ingia saiba yoyote ya Naivasha Road. Fotokopi mbili za kitambulisho au pasipoti zinakugharimu bei ya mandazi. Nyuma ya moja andika unakolala, namba ya mwenyeji, ubalozi na watu wawili wa kwenu. Hiyo itie kwenye soksi au mfuko wa ndani, si kwenye begi lenye pasipoti yenyewe. Ya pili mwachie mtu hapa, na mpatane siku na saa ya kupigiana. Taja saa vizuri, maana Doha wako sawa nasi lakini Dubai wametutangulia kwa saa moja. Usipopiga kwa saa 24, asingoje zaidi.

Kisha fanya jaribio dogo. Geuza simu kifudifudi. Chukua kalamu, uandike namba ya simu ya mama kwa kichwa, bila kuchungulia. Halafu ya ndugu mmoja. Kama umekwama baada ya 07, usione haya, jioni ya leo ukifika nyumbani mwambie akutajie tarakimu moja moja, polepole, hadi uweze kuzisema ukiwa na usingizi.